Picha Nyingi, Sura Moja: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Picha za Mzee Wako

Familia nyingi za Dar es Salaam zinaijua hali hii. Arobaini au misa ya mwaka inakaribia, watu wamekaa sebuleni, picha za marehemu zimetandazwa mezani. Ile ya pasipoti inaonyesha macho vizuri, lakini amekaza uso kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke. Kwenye ile ya harusi anacheka kweli, ila yupo mstari wa nyuma na uso wake ni mdogo kiasi kwamba ukiuwekea kidole gumba unafunikwa wote. Ile ya simu ni ya karibuni na ina rangi nzuri, lakini imepita kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka imechoka. Hakuna hata moja inayotosha kukuzwa peke yake.

Wengi huishia kuipeleka ile ya pasipoti steshenari. Inakuzwa mpaka inavunjikavunjika, marehemu anavishwa suti ya mtu mwingine, na nyuma yake yanawekwa mawingu. Ipo njia bora zaidi: chukua macho kwenye picha moja, mdomo na mashavu kwenye nyingine, kanga na mabega kwenye ya tatu, uviunganishe viwe picha moja ambayo watoto wake wakiiona watasema ndiye.

Kanuni ninayoisimamia kuliko zote ni kwamba kila kipande cha uso kitoke kwenye picha halisi ya mtu huyo huyo, wa umri ule ule. Hakuna kuazima pua ya mtoto wake, hakuna kubuni meno. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo.

Utahitaji kompyuta ya kawaida na programu ya GIMP, ambayo ni ya bure na ukishaipakua haidai intaneti. Photoshop inafanya kazi hizi hizi kwa malipo. Kama huna nafasi ya kuweka programu mpya, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari na picha zinabaki kwenye kompyuta yako. Simu peke yake inatosha kwa kukusanya na kupiga nakala, lakini kuunganisha uso kwa ncha ya kidole kwenye kioo kidogo ni kujitesa. Na kama kazi utampa fundi, soma mpaka mwisho vilevile, ili ujue umwambie nini na umkatalie nini.

Hatua ya 1: Kubalianeni umri

Swali la kwanza familia ijiulize ni hili: tunamtaka wa miaka ya lini? Uso wa miaka 35 na uso wa miaka 70 hauungani hata kama ni wa mtu mmoja. Kadiri mtu anavyozeeka ncha ya pua hushuka, masikio hurefuka, midomo hupungua unene, na meno yakitoka taya nayo hubadilika. Ukiweka macho ya ujana juu ya mashavu ya uzeeni unapata mtu ambaye hajawahi kuishi, na ndugu watahisi kuna kitu hakiko sawa hata wasipoweza kukitaja.

Mimi huweka mpaka wa miaka 10 kwa mtu mzima, na miaka 5 kwa aliyevuka sabini. Picha za kipindi cha ugonjwa naziweka kando kabisa, isipokuwa familia yenyewe itake.

Hapo hapo amueni ukubwa. Karatasi ya A4 kwa ubora wa doti 300 kwa inchi inadai pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 2480 kwa 3508, na A3 inadai 3508 kwa 4961. Picha ya ukutani inayotazamwa kutoka kwenye makochi inaweza kushuka hadi doti 200 bila mtu kuona tofauti, yaani A3 kwa pikseli kama 2339 kwa 3307. Chini ya hapo chagueni fremu ndogo. Fremu ndogo yenye uso safi inapendeza kuliko bango lenye ukungu.

Hatua ya 2: Kusanya picha kwa heshima

Picha nzuri za wazee haziko kwenye simu. Ziko chini ya godoro Temeke, kwenye bahasha ya kaki Magomeni, au kwenye fremu ya kioo kwa shangazi Buguruni. Wenye nazo wana sababu ya kuzikumbatia, maana zilishaazimwa nyingine hazikurudi. Kwa hiyo usiombe kuondoka nazo. “Shikamoo shangazi. Sichukui picha, naipiga hapa hapa mbele yako halafu naiacha.” Ukisema hivyo milango hufunguka, na mara nyingi bahasha ya pili hutolewa baada ya chai.

Aliye mbali na mwenye picha kwenye simu mwambie aitume kama dokumenti, siyo kama picha ya kawaida. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, na kinachopotea kwanza ni vile vitu vidogo unavyovitafuta wewe: kope, mikunjo ya macho, ukingo wa midomo.

Ulizia pia negativu, zile filamu ambazo picha zilichapwa kutoka kwazo. Watu huzidharau kwa kuwa hazionyeshi kitu kwa macho, lakini negativu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa doti 2400 kwa inchi inatoa karibu pikseli 3400 kwa 2270. Bibi aliyekuwa mstari wa nyuma kwenye ile picha ya harusi anaweza kuwa anaonekana vizuri mno humo kuliko kwenye karatasi.

Ukikuta picha imegandia kwenye kioo cha fremu, jambo la kawaida kwa unyevu wa Dar, usiibandue. Utando wa picha utabaki kwenye kioo na karatasi utabaki nayo mkononi. Iskani ikiwa na kioo chake. Zilizogandia kwenye albamu za gundi unaweza kuzitoa kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno taratibu nyuma ya picha, ukiuvuta huku na huku. Vumbi litolewe kwa brashi laini na kavu. Usitumie maji, spiriti wala mate.

Hatua ya 3: Nakala ya kidijitali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa sababu mtu ana haraka ya kufika kwenye kompyuta.

Ukienda kuskani steshenari, taja mambo matatu. Kwanza ubora: picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa doti 300, ambayo ndiyo mashine nyingi zimewekewa, inatoa pikseli 413 kwa 531 tu. Kwa doti 1200 unapata 1654 kwa 2126, na hapo una kitu cha kufanyia kazi. Pili aina ya faili: omba TIFF, au PNG, usikubali PDF. Tatu, mwambie asiguse kitufe cha kuboresha rangi. Uboreshaji utafanya mwenyewe. Beba flashi yako, na hakikisha faili inafunguka kabla hujaondoka.

Picha nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilichapwa kwenye karatasi yenye vinundu vidogo vidogo, ile ukiipitisha kwenye mwanga inametameta. Skana hugeuza kila kinundu kuwa nukta nyeupe. Dawa yake ni kuiskani mara nne, kila mara ukiizungusha robo mzunguko. Vinundu vitapata mwanga kutoka upande tofauti kila mara, na ukichanganya nakala hizo nne kwa njia ya wastani nitakayoieleza Hatua ya 7, nukta nyingi zinafifia na uso unabaki.

Kama skana haipo, simu inafanya kazi nzuri ukifuata utaratibu. Toka kibarazani kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, picha ilale bapa. Simama juu yake, rudi nyuma kidogo na utumie zumu ya mara mbili badala ya kusogea karibu, kwa sababu lenzi ya simu ikiwa karibu sana hupinda kingo. Simu iwe sambamba na picha. Mtu ashike kitambaa cheusi upande unaoakisi mwanga. Zima flashi, na zima urembo wa kamera: simu nyingi zinazouzwa hapa mjini huja zikiwa zimewashwa kitu kinacholainisha ngozi na kukuza macho bila kukuuliza. Nakala ya bibi isipitie kwenye kipodozi hicho.

Hatua ya 4: Chagua picha ya msingi

Picha ya msingi ndiyo inayotoa umbo la kichwa, pembe ya uso na mwelekeo wa mwanga. Nyingine zote zinaikopesha tu. Usichague iliyo na ubora mkubwa pekee. Chagua ile ambayo ndugu wakiiona wanasema, “Hivi ndivyo alivyokuwa.”

Halafu pima wakopeshaji kwa vigezo vitatu.

Pembe. Tazama masikio na pua. Kama kwenye msingi masikio yote mawili yanaonekana sawa, na kwenye mkopeshaji sikio moja limejificha, hiyo picha haikupi jicho wala mdomo. Labda ikupe kanga au bega.

Umbali wa kamera. Picha iliyopigwa kwa mkono ulionyooshwa hukuza pua na kurudisha masikio nyuma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikadiria kuwa pua hupanuka kwa karibu asilimia 30 kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, ikilinganishwa na mita 1.5. Kwa hiyo usichukue pua ya selfi kuipeleka kwenye picha ya studio.

Mwanga. Angalia kivuli cha pua kinaangukia upande gani, na kimulimuli ndani ya mboni kiko wapi. Vikipishana, utaona vishawishi vya kugeuza picha kushoto kuwa kulia ili mwanga ulingane. Usigeuze. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, na waliomjua watakuona.

Kuhusu kugeuka, chunguza kama kuna picha ambayo tayari imegeuzwa. Baadhi ya selfi huhifadhiwa kama kioo kinavyoonyesha, na negativu zilizowekwa upande usio wake hutoa picha kinyume. Kwa akina bibi kipini cha puani ni shahidi mzuri, kinakaa upande mmoja miaka yote. Kwa wanaume tazama vifungo vya shati, mfuko wa kifua au saa. Baka na kovu navyo vinasema.

Mwishowe chukua karatasi uandike: macho kutoka picha gani, mdomo na mashavu kutoka ipi, paji la uso, masikio, nywele au kilemba, nguo. Karatasi hiyo itakuzuia kuhangaika saa sita za usiku ukijaribu kila kitu juu ya kila kitu.

Hatua ya 5: Panga sura zikae juu ya nyingine

Fungua picha ya msingi kwenye GIMP, kisha walete wakopeshaji kwa “Open as Layers”, kila mmoja akae kwenye leya yake, yaani tabaka lake, juu ya msingi. Faili za asili usiziguse, fanya kazi kwenye nakala.

Macho ndiyo kipimo. Kwa kifaa cha kupimia, pima umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi nyingine kwenye msingi, tuseme pikseli 600. Pima kwa mkopeshaji, tuseme 400. Gawa 600 kwa 400, unapata 1.5, basi mkopeshaji akuzwe hadi asilimia 150. Alama ya mnyororo iwe imefungwa ili urefu na upana vikue pamoja. Kumvuta mtu urefu peke yake ili “akae” ni kumbadilisha sura. Hesabu ikikuambia umkuze zaidi ya mara mbili, picha hiyo itoe shavu, paji au nguo, isitoe macho.

Shusha opasiti ya mkopeshaji (kiasi ambacho leya inaziba iliyo chini yake) iwe 50, zungusha na sogeza mpaka mboni zikalie mboni. Kisha badilisha hali ya leya iwe “Difference”. Mahali zinapolingana panakuwa peusi, zinapopishana panang’aa. Macho yakiwa sawa, tazama pembe za mdomo na kidevu. Vikikaribiana, umepata mkopeshaji mzuri. Mdomo ukiwa umekwenda mbali, ama pembe ni tofauti, ama umri. Hapo rudi kwenye karatasi yako, usianze kuuvuta mdomo kwa nguvu.

Hatua ya 6: Linganisha rangi, bila kumchubua

Ushauri wangu kwa wanaoanza: tengeneza picha ya mwisho iwe nyeusi na nyeupe. Tofauti nyingi za rangi kati ya picha ya 1985 na ya simu zinaisha hapo hapo, na ukutani inakaa kwa heshima. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu kwa uzee usiibadilishe kwa kubonyeza tu. Nenda kwenye “Mono Mixer”, weka kijani kiwe 1, nyekundu na bluu ziwe 0. Katika picha hizo ile rangi ya samawati ndiyo imekufa kwanza, hivyo chaneli nyekundu imebaki bila nguvu, na mara nyingi kijani ndiyo yenye maelezo mengi ya uso.

Sasa fungua “Curves”, ule mstari wa kurekebisha mwanga na giza, kwenye leya ya mkopeshaji. Chagua sehemu tatu zinazopatikana kwenye picha zote mbili: sehemu inayong’aa zaidi ya paji la uso, katikati ya shavu, na kivuli chini ya kidevu. Soma namba zake kwenye msingi kwa kile kifaa cha kuchovya rangi, kisha vuta mstari wa mkopeshaji mpaka namba zake zifike hapo. Pointi tatu zinatosha. Ukiweka nyingi ngozi inaanza kuwa na madoa.

Ngozi nyeusi inadai uangalifu wa pekee, na sababu yake ni ya kihistoria. Kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za harusi za wazazi wetu shela linang’aa, na wenye ngozi nyeusi waliosimama karibu nalo wamezama gizani, macho na meno tu ndiyo yanaonekana. Maelezo ya uso mara nyingi bado yamo, yamelala kwenye sehemu za giza. Yainue taratibu kwa “Curves” ukishika sehemu ya chini ya mstari tu, na uache ile ya kati ilivyo. Mashavu na taya vitaanza kuonyesha umbo.

Lakini tofautisha kuinua kivuli na kumchubua mtu. Kama alikuwa mweusi tii, atoke mweusi tii, mwenye umbo na mng’ao wake. Fundi akikuambia “nimemng’arisha kidogo apendeze”, mwambie arudishe.

Kupaka maski

Kwenye kila leya ya mkopeshaji ongeza maski nyeusi, yaani pazia la kuificha. Leya nzima itapotea machoni. Chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, opasiti kama 30, anza kupaka pale tu unapotaka kipande kionekane. Ukikosea paka nyeusi, kinajificha tena. Hakuna kinachofutwa, na ndiyo sababu nasisitiza maski badala ya kukata na kubandika.

Mpaka wa kipande upite mahali uso wenyewe una mpaka: mkunjo kutoka puani hadi pembe ya mdomo, mstari wa kope la juu, kivuli cha taya, ukingo wa kanga kichwani. Mpaka unaokatiza katikati ya shavu utaonekana hata ukiupaka siku nzima.

Macho yote mawili yatoke picha moja. Jicho la picha hii na jicho la picha ile hayatazami mahali pamoja, na mtu anakuwa na makengeza ambayo hakuwa nayo.

Kicheko ndicho kinachowashinda wengi. Mtu akicheka kweli, mashavu hupanda, kope la chini husukumwa juu, mikunjo hufunguka pembeni mwa macho, kidevu husogea. Ukiuchukua mdomo unaocheka ukauweka chini ya macho yaliyokazwa ya picha ya pasipoti, unatengeneza tabasamu la kinafiki kwa mtu ambaye pengine alikuwa mkunjufu kuliko wote nyumbani. Ama mdomo, mashavu na kope la chini vije pamoja kama kipande kimoja, ama uchague mdomo uliotulia wenye dalili tu ya tabasamu. Mimi huegemea hiyo ya pili. Picha ya ukutani inatazamwa kila siku, na uso uliotulia hauchoshi.

Masikio, shingo, nywele na nguo havina shida kubwa, kuwa huru. Kanga nzuri au kanzu ya Iddi kutoka picha nyingine inakaa bila ugomvi, mradi iwe yake.

Vipande vikishakaa, vitapishana katika chenga: kimoja kina chembechembe za filamu, kingine laini kama kioo. Ongeza leya ya juu kabisa yenye chenga hafifu sawasawa uso mzima. Kwa kiasi kidogo tu, macho ya mtazamaji yanakubali kuwa hii ni picha moja.

Hatua ya 7: Njia ya wastani, kwa video na picha za mfululizo

Ipo njia nyingine ambayo haikati vipande. Unapanga picha kadhaa juu ya nyingine, halafu zote zinachangia sawa. Mwingereza Francis Galton aliieleza mwaka 1878, enzi za kupiga picha kwenye sahani za kioo badala ya filamu, kwa kumulika nyuso kadhaa juu ya sahani moja, kila moja kwa sehemu tu ya muda. Kazi yake nyingi ilichanganya watu tofauti ili kupata “aina” za wanadamu, ikiwemo ya wahalifu, na fikra hizo hazifai kurithiwa. Lakini alijaribu pia kuunganisha sura za Aleksanda Mkuu kutoka medali sita tofauti, akitumaini makosa ya kila fundi yatafutana na kubaki sura ya mwenyewe. Wazo hilo la pili ndilo linalotufaa.

Linafaa lini? Pale ambapo picha zimetoka dakika moja. Kama mna mkanda wa harusi uliohamishiwa kwenye flashi, au video ya simu ambayo mzee ametulia akikusikiliza, toa fremu kadhaa, yaani picha moja moja zinazounda video, anazotazama upande uleule na uso uleule. Zipange macho kwa macho. Leya ya chini iwe na opasiti 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20, yaani 100 gawanya kwa namba ya leya kuhesabu kutoka chini. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 4 zinazipunguza kuwa nusu, 9 kuwa theluthi, 16 kuwa robo. Fremu ya video iliyokuwa haifai hata kutazamwa inaweza kukupa macho unayoweza kuyatumia.

Usiitumie kuchanganya picha za miaka tofauti. Galton mwenyewe aliona kuwa sura za wastani hutoka nzuri kuliko zile zilizoziunda, kwa sababu mikunjo, makovu na madoa, ambayo hayakai mahali pamoja, huyeyuka. Mzee wako atarudi akiwa kijana asiye na historia usoni.

Kuhusu programu za akili mnemba

Utaambiwa na vijana kuwa yote haya ni kupoteza muda, weka picha kwenye programu ya akili mnemba itatoka safi kwa sekunde. Itatoka safi kweli. Ila programu hizo, zikikuta uso usioonekana vizuri, hujaza kutoka kwenye nyuso nyingi za watu wengine zilizofundishwa nazo.

Tazama zinachofanya kwa wazee wetu. Mwanya, ambao kwetu ni uzuri unaosifiwa, unazibwa kwa sababu programu inadhani ni kasoro. Chale za usoni za mzee wa Kimakonde zinafutwa kama mikwaruzo ya karatasi. Alama ya sijda kwenye paji la uso inageuka ngozi laini. Ule mviringo wa kijivu kuzunguka mboni za wazee, ambao wajukuu wanaukumbuka kwa kuwa walikaa mapajani wakiutazama, unaondolewa na mahali pake panawekwa jicho la kijana. Kila kimoja ni kidogo. Vikiondoka vyote, aliyebaki anafanana naye kama binamu.

Ukitaka kuzitumia, zitumie kwa ukuta wa nyuma, nguo, mikunjo ya karatasi. Uso usiziachie. Na tahadhari hiyo hiyo iwe kwa brashi ya kuponya ndani ya GIMP: kabla hujafuta doa lolote usoni, litafute kwenye picha nyingine. Likiwepo mahali palepale, ni lake, liache.

Hatua ya 8: Wape waliomjua

Chapa nakala ndogo ya inchi 4 kwa 6, ipeleke kwa watu waliokaa naye nyumba moja. Usiulize “Imefanana?” Kwa heshima ya kazi yako watasema ndiyo. Uliza, “Kitu gani hapa si chake?” Ndipo utasikia: “Nyusi zake hazikuwa nene hivyo.” “Sikio la kushoto lilikuwa limechanika kidogo kwa hereni.” “Kilemba alikivuta zaidi mbele.” Waulize mmoja mmoja, kwa sababu wakikaa pamoja mkubwa akishasema wengine hunyamaza. Wadogo nao waulizwe, wajukuu wana macho makali.

Watu wawili wakitaja kitu kimoja bila kusikizana, rudi kwenye maski. Akitaja mmoja peke yake, tafuta picha ithibitishe kwanza.

Hatua ya 9: Kuchapa na kutunza

Hifadhi faili mbili: ya kazi yenye leya zote, ambayo kwa GIMP ni XCF, na ya kuchapia, TIFF au JPEG ya ubora wa juu. Kariakoo utapata wa kuchapa na wa fremu mtaa mmoja, lakini chapisha kipande cha uso peke yake kwanza kwenye karatasi ile ile, ukitazame nje kwenye mwanga wa jua. Kioo cha kompyuta kinang’aa, karatasi haing’ai, na ngozi nyeusi ndiyo inayozama kwanza kwenye uchapaji. Ikizama, inua tena vivuli kidogo kwenye faili ya kuchapia tu.

Chagua karatasi isiyong’aa. Mwambie mtu wa fremu aweke ukingo wa kadibodi kati ya picha na kioo, ili picha isiguse kioo. Joto na unyevu wa pwani huigandisha picha kwenye kioo, na wajukuu watakutana na tatizo lile lile la Hatua ya 2. Usitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala ukuta wa bafu.

Picha hii ni ya kumbukumbu. Haitumiki kwenye kitambulisho, mirathi wala fomu yoyote inayotaka picha ya mtu, kwa sababu hakuna siku aliyokaa mbele ya kamera akiwa hivyo. Nyuma ya fremu bandika karatasi yenye jina lake, neno “picha ya kuunganisha”, mwaka iliyotengenezwa, na orodha ya picha zilizotumika pamoja na mtu aliyenazo: macho ya pasipoti, iko kwa shangazi; mdomo wa harusi, iko kwa mjomba. Nakala za picha za asili ulizoskani weka kwenye flashi mbili, moja ibaki kwako na nyingine mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine.